Tairi gumu kama jiwe si dalili ya kasi

Ipo imani moja iliyokita mizizi miongoni mwa vijana wanaopenda baiskeli za mbio, nayo ni kwamba tairi likiwa jembamba na kujazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe, basi baiskeli itakwenda kasi zaidi. Anayelalamika kwamba vidole vinamfa ganzi na mgongo unamuuma huambiwa kwamba mwendo hauji bila mateso, na kwamba starehe ni ya wazee na wavivu. Nimeamua kuizungumzia imani hii kwa sababu mbili. Kwanza, si ya kweli. Pili, inawaumiza na hata kuwaangusha vijana ambao baiskeli kwao si mchezo wa Jumapili tu, bali ni chombo cha kuwafikisha shuleni, sokoni na nyumbani.

Nichukue mfano wa Ishiara, katika nchi ya Wambeere, kaunti ya Embu. Barabara inayotoka Ena, penye njia kuu ya Embu na Meru, huteremka kuelekea nyanda za chini zenye joto, ambako migunga na miembe huchukua nafasi ya kahawa na chai za miteremko ya Mlima Kenya. Ukiipita Ishiara na kuuvuka mto Thuci, unaingia Tharaka-Nithi na kushika njia ya Kathwana na Chiakariga. Kwa kijana anayetaka kupima pumzi na miguu yake, ni vigumu kupata uwanja bora kuliko huu: mteremko mrefu wa kwenda na mlima mrefu wa kurudi. Lakini lami haifiki kila mlango. Pembeni mwake zimo njia za mchanga, za changarawe na za mawe, na mwanafunzi anayetoka ndani vijijini hana budi kuzipita kabla ya kuiona lami yenyewe. Hata hiyo lami ina kingo zilizomegeka, mashimo na matuta. Je, tairi la upana wa milimita 23, lililojazwa upepo wa paundi 120 kwa kila inchi ya mraba, lina kazi gani mahali kama hapa?

Jibu ni kwamba lilikuja pamoja na baiskeli. Nyingi za baiskeli za mbio tunazoziona mikononi mwa vijana ni za mitumba. Zilitengenezwa katika miaka ambayo mabingwa wa Ulaya walipanda matairi ya milimita 23 au hata membamba zaidi, yakiwa na upepo wa paundi 100 na kuzidi. Baiskeli ikauzwa, ikasafiri, ikafika kwetu, na ile imani ikafika nayo ikiwa imefungwa kwenye fremu. Ajabu ni kwamba waliotuuzia baiskeli hizo wao wenyewe wameiacha imani hiyo zamani. Katika muongo wa 2010 wanariadha wa kulipwa walihama kutoka milimita 23 hadi 25, kisha wakaenda 28, na siku hizi tairi la milimita 30 si jambo la kushangaza katika mashindano makubwa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, yaani katika miaka ileile ambayo mageuzi haya yalikuwa yakiendelea. Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, yakiwa ya kwanza katika bara la Afrika. Mchezo huu umetufikia nyumbani. Itakuwa fedheha kuupokea pamoja na mawazo ambayo wenyewe wamekwisha kuyatupa.

Tukirudi nyuma zaidi, tutagundua kwamba tairi la upepo lilizaliwa kwa ajili ya starehe hasa. Mskochi Robert William Thomson alisajili uvumbuzi wa gurudumu la upepo mwaka 1845, lakini haukushika. Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alisajili tairi alilokuwa ameliunda kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ili mtoto asitikiswe na mawe ya barabarani. Wakati huo baiskeli zilikuwa na magurudumu ya mpira mgumu usio na upepo. Mwaka uliofuata, mwendeshaji William Hume aliyatumia matairi ya Dunlop katika mashindano mjini humo, akawashinda waliopanda mpira mgumu. Zingatia jambo hili, msomaji: kitu kilichobuniwa kumpunguzia mtoto mtikisiko ndicho kilichowashinda wenye mbio. Tangu siku ya kwanza starehe na kasi zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Sisi ndio tuliowafitinisha.

Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Tairi linapobingirika hupoteza nguvu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kujikunja kwa mpira na nyuzi zake pale linapoigusa ardhi. Sehemu ya nguvu hiyo hugeuka joto na kupotea. Ukiongeza upepo, kujikunja huku hupungua, na hapo ndipo wapenzi wa tairi gumu wanapopata hoja yao. Nayo ni hoja ya haki kwenye sakafu laini kama kioo. Lakini njia ya pili huonekana pale ardhi inapokuwa na mikwaruzo. Tairi gumu haliwezi kulimeza jiwe dogo, kwa hiyo hulipanda. Baiskeli nzima na mwili wa mwendeshaji huinuliwa juu, kisha huanguka tena, mara nyingi kwa kila mita. Nguvu ya miguu iliyokusudiwa kumpeleka mtu mbele hutumika kumrusha juu, na misuli ya mwili huimeza. Tairi lenye upepo wa kadiri hubonyea kidogo, jiwe likapita, na mwendo ukaendelea.

Jarida la Marekani liitwalo Bicycle Quarterly lilifanya majaribio ya jambo hili barabarani, badala ya kuyafanya kwenye ngoma ya chuma ya maabara tu. Lilionyesha kwamba kwenye njia yenye mikwaruzo mtikisiko hula nguvu nyingi, na kwamba tairi pana lililo laini haliwi zito wa mwendo kama ilivyodhaniwa. Tangu hapo wengine wengi wamelichunguza suala hilo na kufikia mwelekeo uleule: kila barabara ina kipimo chake cha upepo, na ukikizidi unajipunguzia kasi mwenyewe huku ukijidanganya kuwa unaiongeza. Mtikisiko mkali hutoa hisia ya kwenda mbio, kama vile gari bovu linavyoonekana kukimbia kwa sababu ya kelele zake. Hisia ni jambo moja. Saa ni jambo jingine.

Hapa napenda nigusie kisa cha baiskeli ya wazee wetu, ile nzito nyeusi iliyozoeleka kwa jina la Black Mamba. Imebeba maji, magunia ya ndengu, wagonjwa na maharusi. Matairi yake ni mapana, karibu milimita 40, na kwa kweli baiskeli hiyo haina mbio. Kijana aliyekua akiitazama huhitimisha kwamba upana wa tairi ndio ulioifanya kuwa goigoi. Lakini je, aliwahi kuuondoa uzito wa chuma chake? Aliwahi kuiongezea gia, maadamu ile ina moja tu? Aliwahi kumlaza mwendeshaji ili upepo usimpige kifuani? Baiskeli hizi mbili zinatofautiana kwa mambo kumi, naye amechagua moja na kulitwika lawama zote. Walimu wa sayansi wanalijua kosa hili vyema, kwani kila siku wanawaonya wanafunzi wao kwamba katika jaribio hubadilishwa kitu kimoja tu, na vingine vyote huachwa vilivyo. Onyo hilo huzingatiwa maabara na kusahauliwa mara kengele inapolia.

Basi tulifanye jaribio. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 45, ambazo ni takriban paundi 99. Upepo ukiwa paundi 100 kwa inchi ya mraba, tairi litaigusa ardhi kwa eneo la karibu inchi moja ya mraba, yaani kama sentimita 6.5 za mraba. Ukipunguza upepo hadi paundi 60, eneo hilo litakuwa kama inchi 1.65 za mraba, karibu sentimita 10.6. Haya ni makadirio, kwa kuwa ugumu wa mpira wenyewe nao una sehemu yake, lakini yanaweza kupimwa darasani bila gharama: lipake tairi wino, liweke juu ya karatasi ya miraba, mwanafunzi aipande baiskeli, kisha ihesabuni miraba iliyochafuka. Kanuni ya kani na eneo, iliyokaririwa kwa ajili ya mtihani, itaonekana kwa macho. Na eneo hilo la mguso ndilo linalomshikilia kijana asiteleze anapoingia kwenye kona ya changarawe.

Jaribio la pili ni la hesabu. Ujazo wa upepo hukua kwa mraba wa upana. Tairi la milimita 28 hubeba upepo unaozidi wa tairi la milimita 23 kwa karibu nusu nzima, na la milimita 32 hubeba karibu maradufu. Kwa hiyo tairi pana huweza kuubeba uzito uleule kwa upepo wa nguvu ndogo bila rimu kugonga jiwe. Lakini jambo hili lina sharti, na wengi huharibikiwa hapo. Mvuto wa upepo kwenye ngozi ya tairi huongezeka kadiri tairi linavyokuwa pana. Ukilijaza tairi la milimita 28 kwa paundi zilezile ulizotia katika la 23, litakuwa gumu zaidi, wala halitakuwa laini zaidi. Kijana hununua tairi pana, hulijaza kwa mazoea ya zamani, kisha hutangaza kwamba alidanganywa. Ukweli ni kwamba alibadilisha tairi asibadilishe mkono unaoshika pampu.

Sasa atauliza mtu: nitie upepo kiasi gani? Kwa mwendeshaji wa kilo 60 hadi 70 anayetumia tyubu za kawaida, tairi la milimita 28 linaweza kuanzia paundi 70 nyuma na 65 mbele. La milimita 32 linaweza kuanzia 60 nyuma na 55 mbele. Gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi, ndiyo maana likatiliwa zaidi. Kutoka hapo punguza au ongeza kidogo kidogo, ukiandika matokeo. Dalili ya kuvuka mpaka wa chini ni wazi: tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe ikatoka na matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Wala usifuate kwa upofu nambari ya juu kabisa iliyochapishwa ubavuni mwa tairi. Ile ni kikomo cha usalama wa tairi. Si ushauri kwako.

Kuhusu ununuzi, ipo hatari moja ambayo yafaa kila mwalimu mwenye baiskeli aifahamu. Mtu akiingia dukani na kuomba "tairi la ishirini na nane", aghalabu atapewa tairi la Black Mamba, kwa sababu lile huitwa 28 kwa kipimo cha inchi za gurudumu zima. Yeye alitaka milimita 28 za upana. Matairi hayo hayapatani kamwe. La baiskeli nzito hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635, ilhali rimu ya baiskeli ya mbio ya kawaida ni ya milimita 622. Dawa ni kutafuta maandishi madogo ubavuni: 28-622 maana yake ni upana wa milimita 28 kwa rimu ya milimita 622. Nambari hizo mbili hazisemi uongo, hata kama muuzaji na mnunuzi hawaelewani. Vilevile, pima nafasi iliyopo kati ya tairi la sasa na fremu, uma na breki. Fremu nyingi za zamani zilijengwa kwa tairi jembamba na hazitapokea zaidi ya milimita 25 au 28. Ziachie angalau milimita 4 kila upande, kwa maana rimu ikipinda kidogo au tope likaingia, tairi litasugua fremu. Kama fremu yako inakomea 25, chukua 25 na upunguze upepo. Faida utaiona hata hapo.

Sikatai kwamba wapinzani wana hoja. Wanasema tairi pana ni zito, na mlima wa kutoka Ishiara hadi Ena hauna huruma. Ni kweli kwamba ni zito zaidi, lakini tofauti kwa kila tairi ni kama gramu 50 hadi 100. Kwa matairi yote mawili haifikii robo lita ya maji, na hakuna mwenye akili timamu anayeacha maji nyumbani kwa sababu ya mlima huo. Wanasema pia kuhusu miiba. Hapa nakubaliana nao kabisa: upana hauzuii mwiba wa mgunga. Anayeendesha nyanda za Mbeere anahitaji tairi lenye ukanda wa kinga chini ya mpira, na viraka, gundi na pampu visimtoke. Ila asikimbilie tairi nene kupita kiasi, kwani ukuta ukiwa mgumu kama ngozi ya kifaru, starehe yote iliyonunuliwa kwa upana itapotea. Ni suala la kupima shari mbili, jambo ambalo ndilo uchaguzi wenyewe.

Kuna na jua. Upepo uliofungiwa ukipata joto, kani yake hupanda. Baiskeli iliyotiwa paundi 80 asubuhi kwenye nyuzi 20, kisha tairi likapashwa hadi nyuzi 40 kwa kuachwa juani, itakuwa na paundi sita hivi zaidi. Aliyejaza hadi kikomo asubuhi ya baridi juu kwenye miteremko ya mlima, akateremka kwenye joto la mchana, amekivuka kikomo bila kuigusa pampu. Aliyejaza kwa kadiri hana wasiwasi.

Lipo na suala la afya, ambalo halistahili kufanyiwa mzaha. Mtikisiko wa saa nyingi pamoja na kuegemea usukani hubana mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja kuelekea kidole cha mwisho na cha pete. Ganzi ndiyo onyo lake la kwanza. Mwanafunzi afikaye darasani akiwa hawezi kuishika kalamu vizuri hajaonyesha ushujaa wowote. Amepuuza mwili wake. Na mkono uliokufa ganzi huchelewa kushika breki, jambo ambalo kwenye mteremko mrefu laweza kugharimu uhai.

Ninachokisihi ni kidogo. Walimu wetu wa fizikia wasingoje vifaa vya bei ghali ili kufundisha kani, eneo na joto, wakati baiskeli zimeegemezwa ukutani nje ya darasa. Walimu wa michezo nao wamkome mwanafunzi anayemcheka mwenzake kwa kuwa na tairi pana. Tena vijana wenyewe wafanye lile ambalo mabingwa walilifanya: waichague njia moja, saa moja na mwendeshaji mmoja, wabadilishe upepo peke yake, wapime muda, kisha waamini walichokipima. Ikiwa kipimo chao kitanipinga, na wanipinge kwa nambari. Nitafurahi zaidi kuliko wakinikubali kwa sababu ya gazeti.

Kwa maana shida hapa haikuwa mpira na upepo tu. Tulipewa jibu lililofaa barabara ya watu wengine, katika enzi nyingine, nasi tukalifanya amri bila kuuliza swali lililolizaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Chombo kigeni kinapoingia nchini, mwenyeji atapona kwa kukipima kwenye ardhi yake mwenyewe. Kukivumilia tu hakutamponya.